Kwenda Mayotte: sura ya pwani, karatasi za Ufaransa

Ukishuka Pamandzi, kwenye uwanja wa ndege wa Mayotte, utasikia adhana, utaona kanzu na kofia, na Kimaore chao mtu wa Unguja au Lamu hukidaka nusunusu. Hapo ndipo wengi hujisahau. Watu wa Maore, kama wenyewe wanavyokiita kisiwa chao, walikataa kwa kura mwaka 1974 na 1976 kujitenga na Ufaransa kama visiwa vingine vya Komoro, na tangu Machi 2011 ni mkoa wa Ufaransa. Fedha ni yuro. Shilingi yako haina kazi huko.

Anza na viza. Ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Mayotte, hata kama ilitolewa na Ufaransa. Unaomba ya kwake, na stika itaje Mayotte kwa jina. Ukipitia Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, na kutoka nje ya uwanja, nayo itajwe, maana nayo haimo Schengen. Soma stika hapohapo unapokabidhiwa pasipoti, usingoje kaunta ya ndege ikusomee.

Uwanja uko Petite-Terre, kisiwa kidogo. Mamoudzou, mji mkuu, uko ng'ambo, Grande-Terre, kisiwa kikubwa. Mnavushwa na kivuko, wao huita barge, kwa muda usiozidi nusu saa. Kinachowachelewesha watu ndege si bahari, ni foleni za magari za Mamoudzou asubuhi na jioni. Panda kivuko bila gari, kisha upande teksi upande wa pili. Teksi za huko abiria huchangia, kwa hiyo usishangae ikisimama kupakia wengine.

Chaja ya pini tatu za mraba haiingii. Beba adapta ya pini mbili za duara. Maji ni ya mgao, na kimbunga Chido cha tarehe 14 Desemba 2024 kiliharibu nyumba nyingi mno. Kabla ya kulipia chumba, uliza kama nyumba ina tangi, na kama paa limesharudishwa. Picha za mtandaoni huenda ni za kabla ya kimbunga.

Jioni, kula kwenye brochetti, vibanda vya kuchoma vya barabarani: mabawa ya kuku, ndizi, muhogo, pilipili. Ramadhani mchana usivitegemee.

Kwa desturi nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Ukialikwa, shukrani na zawadi zianzie kwa mama mwenye nyumba. Wanawake waliovaa saluva, vazi lao la kujifunga, na kujipaka usoni msindzano, urembo wa msandali, si maonyesho. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Usikose msikiti wa Tsingoni. Mihrabu yake ya matumbawe yaliyochongwa ina maandishi ya mwaka 1538, na bado unasaliwa. Nenda kati ya adhuhuri na alasiri, isiwe Ijumaa, ukiwa umejisitiri.

Kasa wa N'Gouja, ufuko wa kusini mwa Grande-Terre, hula majani ya bahari karibu kabisa na nchi kavu. Kaa kando yake, usielee juu yake wala msimzingire: lazima apande juu kuvuta pumzi, na mkimzibia njia anakimbia bila kushiba.