Tanganyika ipi?

Kila tarehe 9 Desemba inapokaribia, nyumbani kwetu huzuka ubishi uleule: tunaadhimisha uhuru wa Tanganyika au wa Tanzania Bara? Mimi husimama na wanaosema Tanganyika, kwa kuwa ndiyo nchi iliyopandisha bendera yake mwaka 1961, na kuiita Tanzania Bara siku hiyo ni sawa na kumwita bibi arusi kwa jina la mumewe kabla ya ndoa. Shemeji yangu hukunja uso, kwani kwake jina hilo linanuka siasa tangu kundi la wabunge 55 lilipodai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993.

Ninachokiona mimi ni kwamba hata yeye hulitamka kila siku bila wasiwasi wowote. Akipanda daladala za Kawe humwambia konda amshushe Tanganyika Packers, mahali palipobaki na jina la kiwanda cha nyama za makopo kilichokwisha kufungwa, na ambapo siku hizi watu huenda kwa wingi kwenye mikutano ya injili uwanjani. Alipopata kesi ya kiwanja, alimtafuta wakili aliyesajiliwa na Chama cha Mawakili wa Tanganyika, na hapo jina limekaa mahali pake hasa, maana chama hicho ni cha mawakili wa Bara, nao wa Zanzibar wana chao.

Ziwa ndilo lenye jina hasa. Waingereza walilichukua huko mwaka 1920, walipoibatiza upya nchi waliyowapokonya Wajerumani, na baada ya Muungano wa 1964 nchi ikaliacha, ziwa likabaki nalo. Tangu hapo limezaa tena kandokando ya maji: upande wetu, mkoani Katavi, ipo Wilaya ya Tanganyika, na ng'ambo, Kongo ilipoigawa Katanga mwaka 2015, likapatikana Jimbo la Tanganyika lenye makao makuu Kalemie. Kwa hiyo shehena ya saruji ikipakiwa katika bandari ya Karema kwenda Kalemie, huondoka Tanganyika, huvuka Tanganyika na kuteremshwa Tanganyika, na karani anayejaza hati za mzigo hana budi kutaja wilaya, ziwa na jimbo, la sivyo mzigo wake utaonekana haujaenda popote.