Kompyuta Iliyorudi Mwaka 2009 Kila Asubuhi

Risiti iliyofichua tatizo ilikuwa ya kudurufu mtihani wa darasa la saba, na juu yake palichapwa tarehe 1 Januari 2009. Mwalimu aliyeichukua aliirudisha siku ya pili, kwa maelezo kwamba mhasibu wao hawezi kulipa risiti iliyoandikwa kabla shule yenyewe haijasajiliwa. Dada yangu, ambaye ndiye mwenye steshenari hiyo hapa Morogoro, alinipigia simu akiwa na hakika kwamba kompyuta yake ya mezani imeingiwa na virusi.

Dalili nyingine zilikuwapo kwa wiki kadhaa, ila hakuna aliyeziunganisha. Kila asubuhi mashine ilipowashwa, kioo kilibaki cheusi chenye maandishi meupe yaliyoeleza kwamba saa haijapangwa na kumtaka mtumiaji abonyeze F1 ili aendelee, na kijana wa dukani alikwisha kuzoea kuibonyeza bila hata kutazama. Baadaye kivinjari kilianza kukataa kurasa nyingi, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2009 hukiona cheti hicho kuwa bado hakijaanza kutumika. Dada alidhani intaneti imekwisha, akanunua bando mara mbili. Fundi mmoja wa jirani alishauri Windows ifutwe na kuwekwa upya, kazi ambayo ingekula siku nzima na kuiacha mashine vilevile ilivyokuwa, kwani saa ya kompyuta haikai ndani ya Windows.

Saa hiyo inakaa kwenye ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi. Humo mna kipande kidogo cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, idadi ambayo ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata pigo moja kwa kila sekunde. Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM iliyoitwa PC, ya mwaka 1981, haikuwa na kitu hiki, na mwenyewe alilazimika kuandika tarehe na saa kila alipoiwasha. Mtindo wa kuweka saa yenye betri yake pamoja na kumbukumbu ndogo ya mipangilio, iitwayo CMOS, ulienea kuanzia modeli ya AT ya mwaka 1984. Betri hiyo ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila umeme unapokatika, na ndicho kilichoipata mashine hii. Katika mashine zenye umri kama ya dada, betri ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, na jina lake linajieleza: C ni kemia ya lithiamu, R ni umbo la duara, 20 ni kipenyo kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2.

Jambo ambalo ningependa wenye kompyuta za zamani walielewe ni kwamba betri hii haifanyi kazi wakati wote. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini waya wake bado uko kwenye soketi yenye umeme, pawa saplai huendelea kuupa ubao mama umeme kidogo, na saa hula huo badala ya betri. Ukizima swichi ya ukutani, betri ndiyo inayobeba mzigo peke yake. Tukichukulia kwamba saa inakula maikroampia 5, betri yenye uwezo wa miliampia-saa 220 itadumu saa 44,000, yaani takriban miaka 5 ya kukaa bila umeme. Dukani kwa dada swichi huzimwa kila jioni na siku nzima ya Jumapili, na kabla ya hapo mashine hiyo iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ilikaa ghalani kwa muda usiojulikana. Kwa hesabu hiyo, betri haikufa mapema hata kidogo.

Kazi yenyewe ilichukua chini ya nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye vumbi. Nilichomoa waya wa umeme kabisa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki utoke, nikagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha nikalisafisha tumbo la mashine kwa brashi ya rangi isiyotumika. Betri ilikuwa karibu na nafasi za kadi, imefunikwa na vumbi kiasi kwamba maandishi yake hayakusomeka. Pembeni mwake pana kiulimi cha chuma. Nilikisukuma nje kwa kijiti cha meno, na betri ikaruka juu yenyewe. Bisibisi ingefanya kazi hiyo pia, ila ikiteleza hukwaruza njia za shaba zilizo chini, na hasara hiyo hairekebishiki kwa urahisi.

Betri mpya ilinikwamisha kidogo. Muuzaji alinipa CR2025 akisisitiza kwamba zote ni volti 3, na hilo ni kweli, lakini ina unene wa milimita 2.5 tu, kwa hiyo ilikaa legelege ndani ya kishikizo chake. Nilirudi kuibadilisha kwa CR2032, nikaifuta kwa kitambaa kikavu ili mafuta ya vidole yasibaki juu yake, nikaiingiza upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu, na kuikandamiza hadi ikalia tik. Ile ya zamani ilipimwa kwa mita ikasoma volti 1.6.

Baada ya hapo niliingia kwenye baiosi, yaani programu ya mipangilio iliyo kwenye ubao mama, kwa F2 ili kupanga tarehe, na hapo nilifanya kosa la Mswahili: ilikuwa saa nane mchana, nami nikaandika 08:00 badala ya 14:00. Pia nilikagua namna diski kuu inavyowasiliana na ubao mama, kwa kuwa mipangilio ikipotea namna hiyo inaweza kuhama kutoka AHCI, iliyo mpya zaidi, kwenda IDE ya zamani, na Windows ikagoma kuwaka ilhali diski ni nzima. Mwenye betri ambayo bado ina uhai kidogo afadhali apige picha za kurasa hizo kwa simu kabla ya kuing'oa.

Betri iliyotoka niliizungushia utepe pande zote mbili na kuondoka nayo, kwa sababu mwanawe dada ana miaka miwili na hucheza chini ya meza hiyo. Betri ya aina hii ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kuendesha saa. Ndani ya kifuniko cha kasha nilibandika karatasi yenye mwezi na mwaka wa kubadilisha. Nilimweleza dada habari ya swichi ya ukutani, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, na radi je?" Masika ya Morogoro nayajua. Jioni hiyo aliizima kama kawaida, nami sikubishana naye.