Karakana, mama wa vitumbua na ishu ya kuuliza kwanza

Watu wakisikia nafundisha masomo ya ufundi sekondari swali la kwanza ni lilelile, mashine mnazo? Kompyuta je? Siku hizi nimechoka kujibu maana ukisema hatuna maongezi yanaishia hapohapo, mtu anatikisa kichwa anakwambia pole ticha. Ni kweli hatuna, sikatai, randa tunapokezana na moja ya jiriwa zetu haikazi mpaka uiwekee kipande cha mpira. Ila kinachoniumiza kichwa ni kingine. Watoto ukiwapa kitu cha kunakili wanakinakili vizuri tu, yaani mkono wanao, shida ni kwamba hawajui kuuliza hiki kitu ni cha nani na kinaenda kufanya kazi gani.

Niko shule ya serikali nje kidogo ya Dodoma mjini, karakana yetu zamani ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Kwa ambao hamfuatilii haya mambo, tangu Januari 2024 sekondari ina mikondo miwili, elimu ya jumla na amali, yaani ufundi na kazi za mikono, imetoka kwenye ile sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023. Sasa wapo wanaoongea kana kwamba ni kitu kimeshuka jana kutoka mbinguni. Shule za Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Bwiru zimefundisha ufundi miaka na miaka, na Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea 1967. Wazo tunalo siku nyingi, kulitekeleza ndo kila kizazi kinaanza upya.

Basi kazi ya kawaida ya mbao inakwendaga hivi: mwalimu analeta kigoda, anakiweka mbele, darasa zima linachora mwonekano wa mbele, wa juu, wa ubavuni, halafu isometriki ile ya nyuzi 30, halafu wanakata, wanapiga msasa, mwalimu anapita na kalamu nyekundu. Mwisho wa muhula una rundo la vigoda vinavyofanana kama ndugu na hakuna hata kimoja kilichokaliwa, vinaenda stoo. Muhula huu nikaamua hapana. Nikawatoa getini kwa mama anayeuza chai na vitumbua, nikawaambia hamwendi kununua, mnaenda kuangalia, tutamtengenezea meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Leo na madaftari kabisa, mmekuja kuandika madeni yenu?"

Walicheka mpaka wakasahau walichotumwa. Kisha kijana mmoja akajitosa, mama unataka meza ya namna gani? Mama akamjibu "nzuri." Wakaandika nzuri, wakapiga mstari chini, wakanigeukia eti tayari ticha. Hapo ndo nikaona somo lenyewe limeanza, maana ukimuuliza mtu anataka nini mara nyingi atakupa jibu la adabu, hawezi kukupa lile la kweli kwa sababu hata yeye ameshaizoea shida yake haioni tena.

Aliyeiona ni binti mmoja wa nyuma huko, mkimya sana, darasani hanyooshi mkono. Alikaa kwenye jiwe akaangalia tu. Wenzake wanapima urefu wa meza kwa futi yeye anaangalia goti la mama. Kila mama akiinua birika kumimina chai goti la kushoto linaenda kuegemea mguu wa meza, anaibana isiyumbe, kisha anamimina, kisha goti linarudi. Kila kikombe. Chini ya mguu ule kuna kipande cha tailizi na juu yake kipande cha malapa, na ardhi yenyewe imechimbika, mvua za mwaka jana zimepitisha kamtaro hapo. Yule mama hata hakuwa anajua kama anafanya hivyo, binti alipomwambia akaangalia goti lake akasema "eh, makubwa."

Tukarudi darasani na shida ya kweli, siyo ya kitabuni. Mmoja akasema tuweke miguu mitatu, mafiga mbona hayayumbi? Nilitamani nimkumbatie. Maana ndo jiometri yenyewe hiyo, nukta tatu zozote zile ukiziweka popote lazima zitalala kwenye bapa moja, ardhi iwe na mabonde au isiwe nayo, wa nne ndo mkorofi, asipolingana na wenzake ananing'inia hewani. Kwenye hesabu hilo tungeliandika ubaoni likafutika, hapa limeshikwa na mtu anayejua kuinjika chungu.

Tukatengeneza vielelezo vya meza kwa mabua ya mtama na miiba ya mgunga badala ya misumari, bei yake bure, na watoto wa huku wanaijua kazi hiyo tangu wadogo maana magari yao ya kuchezea yanatokana na hayohayo mabua. Tukaweka kopo la maji juu tukaanza kusukuma. Cha miguu mitatu hakitikisiki kabisa uzito ukiwa katikati, ila ukikandamiza pembeni, pale katikati ya mguu na mguu, kinapinduka na maji yako. Ukichora mistari ya kuunganisha miguu chini unapata pembetatu, na uzito ukishatoka nje ya ile pembetatu habari yako imekwisha. Miguu minne inakupa eneo kubwa zaidi la kuchezea. Hapo wakaanza kuulizana kuhusu treni, maana tangu ya umeme ianze kuja Dodoma 2024 hawana stori nyingine, mmoja akataka kujua kwa nini reli mpya ni pana, milimita 1,435, wakati ile ya zamani ni mita moja kamili. Nikawaambia wasukume tena vile vimeza vyao, chembamba na kipana, kisha wafikirie kitu kinachokimbia kilomita 160 kwa saa kinapokata kona. Sababu za upana wa reli ziko nyingi, historia imo na biashara ya mabehewa imo, ila kusimama imara nako kumo.

Sasa wakagawanyika. Makundi mengine meza ya miguu mitatu iliyotanuka chini, mengine minne ambayo mmoja una boliti chini, unazungusha unapanda, unazungusha unashuka. Boliti na nati kutoka kwa fundi baiskeli. Mimi moyoni nilikuwa upande wa mitatu, ni safi, haihitaji chuma wala kurekebisha. Mama akaangalia zote, akaweka kiwiko kwenye ukingo wa ile ya mitatu kama wateja wake wanavyofanya wakisubiri chenji, ikainuka upande wa pili. Akasema "hii mtaniunguzia watu." Akachukua ya boliti. Mjadala ukafungwa na mtu ambaye kidato hakukanyaga, na wale vijana wa miguu mitatu walinuna siku nzima.

Niseme kuhusu mbao kidogo kwa sababu hii ni mada ya Dodoma kabisa na vitabuni inapitwa haraka. Paini nyingi tunayonunua hapa inatoka Mafinga, Sao Hill huko, na ikifika mara nyingi bado ina maji. Kule kwao kuna ukungu, huku kwetu Agosti hata midomo inapasuka. Unakata kiungo leo, ulimi umeingia kwenye tundu umekaza mpaka unapiga nyundo ya mpira, wiki chache mbele unautoa kwa vidole viwili. Mbao ikikauka urefu wake karibu haubadiliki, inayopungua ni upana na unene, ndo maana kiungo kinalegea na ubao mpana unajipinda ukawa kama sahani. Mninga ungetulia zaidi lakini nani ana hela ya mninga kwa ajili ya fom wan? Dawa tuliyonayo ni kupanga mbao kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, na kuzisubiri. Na kusubiri hakuna kwenye ratiba ya vipindi, dakika 80 zikiisha kengele inalia.

Halafu kuna lile la tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Nilikuwa nafundisha jinsi jengo linavyobeba mzigo, nikaona macho yanalegea, nikawaambia kesho kila mtu aje na mchoro wa tembe la babu au bibi yake, asiyewahi kuliona aulize nyumbani. Wakaja nayo. Nguzo zenye panda, juu yake miti ya kulaza, juu yake fito, majani, kisha udongo, paa bapa, na linawezekana kwa sababu mvua yetu ni msimu mmoja tu na si nyingi, ungelijenga Bukoba ungelala kwenye tope. Nikawauliza ukuta ukibomoka paa linaanguka? Kimya. Kisha mmoja wa Chamwino akasema halianguki, babu alibomoa ukuta akaukandika upya na paa likabaki juu. Haya, sasa nendeni Mtumba mkaangalie yale maghorofa ya wizara yanavyojengwa, nguzo na mihimili ya zege kwanza, tofali zinakuja baadae kuziba tu. Ni mfumo uleule. Mgogo alikuwa ameshaujua, tofauti ni zege na nondo, na mwenye digrii anaufundisha kwa kutumia picha za nchi za watu.

Ila nyumbani kwa hawa watoto maongezi ni mengine. Mzazi mmoja alinifuata baada ya kikao, kwa heshima zote, akaniambia mwalimu mimi mtoto nimemleta asome, kuchonga mbao angechonga hata kwa mjomba wake. Na hasa akiwa wa kike. Simlaumu, tumekua wote tukiambiwa aliyefeli ndo anaenda ufundi, na Ufini wamekuwa na kazi za mikono kwenye shule za watoto wa kawaida tangu 1866 ila sikumwambia hayo, ningeonekana najisifia. Nilimwonyesha daftari la binti yake, ule ukurasa wa goti la mama, mishale na vipimo, kimo cha kiwiko akiwa amesimama, kimo akiwa amekaa kwenye dumu. Akaufungua akafunga, akaufungua tena. Akauliza "hii ndo ameandika yeye?" Basi. Hajarudi kulalamika wala kushukuru.

Kinachobaki kunikera ni alama. Karatasi yangu ya kusahihishia ina nafasi ya kiungo, ya vipimo, ya umaliziaji, ya usalama. Nafasi ya aliyegundua shida haipo, kwa hiyo kwa karatasi ile yule binti anazidiwa na kijana aliyepiga msasa vizuri meza inayopinduka. Mwenzangu mmoja ofisini anasema nawapotezea muda, mtihani hautauliza goti la mtu. Inawezekana kweli hautauliza. Mimi nimeongeza safu yangu kwa mkono pembeni, nimeiandika "aliona nini," natoa alama humo na mkaguzi akija tutaongea.

Muhula ujao ni vibuyu chirizi vya kunawia mikono pale chooni, vilivyopo mtoto mfupi wa fom wan hafiki na kanyagio limeoza. Kwa hiyo wenye saiti huku Mtumba, Ihumwa, Nala, zile mbao zilizofungia nguzo na lenta mkishabomoa msizichome, tupeni sisi, kwanza zenyewe zimeshakauka juani zimemaliza kujipinda. Tunachoomba mtoe misumari na mkwangue zege lililoganda, randa inayokata ni moja.