Barua Mbili Dirishani pa Uhamiaji

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 15 nilipokabidhiwa jukumu la kusafiri naye nje ya nchi bila baba wala mama yake. Dada yangu hakupata ruhusa kazini, na shemeji alikuwa akifanya kazi ugenini, hivyo tulianza kushughulikia karatasi za ridhaa wiki sita kabla ya safari.

Kila nchi ina utaratibu wake. Ufaransa, tangu tarehe 15 Januari 2017, humtaka mtoto anayeishi humo awe na fomu iliyosainiwa na mzazi anapotoka nchini bila wazazi, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo. Afrika Kusini nayo ilianza tarehe 1 Juni 2015 kudai cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha majina ya baba na mama, ingawa baadaye ililegeza masharti hayo. Kwingine wazazi huandika barua yao wenyewe na kuisaini mbele ya wakili, na yetu ilikuwa ya namna hiyo. Ilitaja jina kamili la mtoto kama lilivyo katika pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, uhusiano wake nami, tarehe za kwenda na kurudi, mahali tutakapofikia na simu za wazazi. Niliomba pia iongezwe sentensi ya kuniruhusu kukubali matibabu kwa niaba yao, jambo ambalo wengi hulisahau hadi wanapofika hospitali. Shemeji alisaini barua yake huko aliko, akaituma kwa posta, nami nikaitia kwenye bahasha moja na ya dada bila kuzilinganisha. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwenye kaunta ya ndege hatukuulizwa lolote, kwani mashirika mengi humruhusu kijana aliyetimiza miaka 12 kupanda ndege bila kukabidhiwa kwa wahudumu. Maswali yalitungoja tuliposhuka. Afisa wa uhamiaji, mama wa makamo, aliniomba nisogee pembeni kidogo, kisha akamwinamia binti.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mjomba wangu, kaka yake mama."

"Mama anajua umekuja kukaa siku ngapi?"

"Ndiyo. Siku kumi na nne."

Alizilaza barua zote mbili kando ya pasipoti, akafuata namba kwa ncha ya kalamu, tarakimu baada ya tarakimu. Kwenye barua ya baba kalamu ilisimama. Shemeji alikuwa ameinakili namba kutoka kwenye picha ya pasipoti ya zamani, iliyokuwa imebadilishwa miezi michache kabla.

Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Simu ya dada iliita bila kupokewa. Shemeji alipokea, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, jina la anayesafiri naye na siku ya kurudi, huku afisa akiyalinganisha majibu na barua pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa na wasiwasi mwingi, lakini sikuona kwamba tunaonewa. Wapo watoto wanaovushwa mipaka na mzazi mmoja huku mwenzake hana habari, na ndiyo sababu upo mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, unaohusu kurejeshwa kwa watoto wasiotimiza miaka 16 waliochukuliwa kinyume cha haki ya malezi. Mpwa wangu alikuwa ndani ya umri huo. Afisa yule hakutufahamu hata kidogo, na mhuri wa wakili haukuweza kumjibu swali. Aliyemjibu ni baba mtu, kwa sababu namba yake ya simu iliandikwa kwa usahihi na simu yake ilikuwa hewani.

Tuliruhusiwa kupita, tukashauriwa tupate barua iliyosahihishwa kabla ya kurudi. Shemeji alirudi kwa mwanasheria siku iliyofuata, na barua mpya ikatufikia zikiwa zimesalia siku mbili. Usiku ule mpwa wangu alizitandika karatasi zote kitandani, akanisomea namba ya pasipoti kwa sauti, nami nikaikagua kwenye kila ukurasa. Bahasha alitaka aishike mwenyewe. Tulipofika dirishani wakati wa kuondoka aliifungua kabla hatujaombwa: ya mama juu, ya baba chini yake, cheti mwishoni.