Vijiko vya Fedha vya Kuchotea Majani ya Chai

Katika vyombo vya kale vya fedha vya Uingereza, ninavyopenda kukusanya ni vijiko vya kuchotea majani ya chai, ambavyo mipini yake ilifupishwa makusudi ili vilale ndani ya kasha la chai na kufungiwa humo kwa ufunguo, kwa kuwa majani yenyewe yalikuwa ghali mno kuachwa wazi. Mwaka 1784 Bunge lilipunguza ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5, wanywaji wakaongezeka, na mafundi wa Birmingham, akina Joseph Taylor, Samuel Pemberton na Matthew Linwood, wakapata kazi tele.

Kinachonivutia zaidi ni maumbo yake: kombe la baharini, jani la mzabibu, kiganja cha mkono, bawa la tai, hata kofia ya mpanda farasi wa mashindano. Cha kofia hutafutwa sana na bei yake ni kali. Nami nakitamani, ingawa kwa maoni yangu jani lililochorwa mishipa yake mmoja mmoja lina ufundi zaidi.

Kabla ya kununua, soma mihuri iliyogongwa kwenye kijiko kwa kioo cha kukuzia: simba anayetembea huthibitisha ubora wa fedha, nanga ni alama ya mji wa Birmingham, herufi hutaja mwaka, na kichwa cha mfalme au malkia, kilichogongwa kuanzia 1784 hadi 1890, huonyesha kuwa ushuru ulilipwa. Ukiona mihuri imepindika au imekatika karibu na kiungo cha mpini, shuku. Wapo waliokata vijiko vya kawaida, wakavifua upya na kuviuza kama vya kuchotea majani ya chai.