Nimekesha na neno moja tu
Jana usiku nimekaa naangalia modeli ya lugha (akili bandia ya maandishi) inavyokatakata maneno kabla ya kuyasoma, nikaiwekea "hatukuwaambia" nikidhani itaona ha-tu-ku-wa-ambia kama sarufi inavyotaka, wapi bwana, imetoa vipande havina kichwa wala miguu 😂 Kumbe hiyo mbinu ya kukata maneno, inaitwa BPE, ilianza 1994 kama njia ya kubana mafaili tu, sarufi haiijui, yenyewe inahesabu herufi zipi zinaongozana mara nyingi basi. Na data ikiwa nyingi ni Kiingereza, neno letu moja linakula tokeni (hivyo vipande) kibao. Transfoma ya 2017, muundo unaotumika kujenga modeli hizi, ilileta mapinduzi sikatai, ila mbona mlangoni tu, kwenye kukata maneno, tunabanana hivi?? Leo nimefundisha tokenaiza (hicho kikata maneno) kwa Kiswahili kitupu, "hatuku" ikatoka nzima, nimeruka kwenye kiti