Texas nao wameingia kwenye vocha za shule

Haya, Texas nao wameingia kwenye vocha, yaani serikali kumlipia mzazi ada ya shule ya binafsi. Mei 2025 gavana Greg Abbott wa Republican kasaini sheria ya kutenga dola bilioni 1 kwa ajili ya kuwalipia wazazi wanaopeleka watoto shule za binafsi, kama dola elfu 10 hivi kwa mtoto kwa mwaka, kuanzia mwaka wa masomo 2026-27. Na hao ni wachelewaji, maana Arizona walishafungulia watoto wote tangu 2022, halafu 2023 wakafuata Iowa, Utah, Arkansas na Florida.

Mimi kilichonishangaza ni nani walikuwa wanakwamisha. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni wapinzani wake Democrats na vyama vya walimu tu, kumbe 2023 wabunge 21 wa Republican, wengi wa vijijini, waligoma kabisa, na ukiwasikiliza wana hoja, kule kwao shule ya serikali ndo mwajiri mkubwa, ndo mpira wa Ijumaa usiku unaokusanya mji mzima, ndo kila kitu, na shule ya binafsi hakuna au ipo mbali huko, sasa mzazi wa huko hiyo vocha aipeleke wapi? Hela inaishia Dallas na Houston. Abbott wala hakubembeleza mtu, kura za mchujo za ndani ya chama za 2024 akawapigia debe wapinzani wao, kadhaa wakang'oka, mwaka uliofuata sheria ikapita.

Ila wakiulizwa wananchi wenyewe mambo yanakuwa mengine. Novemba 2024 Kentucky walipiga kura ya maoni wakakataa hela ya umma kwenda shule za binafsi kwa kama asilimia 65, siku ileile waliyompa Trump ushindi wa kishindo! Nebraska nao wakafuta ya kwao, Colorado wakagoma.

Simlaumu mzazi ambaye shule ya mtaani kwake ni mbovu. Milwaukee walipoanza 1990 vocha zilikuwa za familia maskini, hiyo naielewa kabisa. Lakini ya kila mtu? Arizona walipofungua milango, wengi wa walioomba mwanzoni watoto wao hata hawakuwa shule za serikali, yaani serikali ikaanza kulipa ada ambayo baba mtu alikuwa anailipa mwenyewe bila shida.

Halafu shule ya binafsi ina uhuru wa kukataa mtoto, hilo watu hawalisemi sana. Mtoto wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu juzi, Kiingereza bado, shule ya serikali lazima impokee na imsaidie lugha. Hawa wengine wanaweza kukwambia tu nafasi zimejaa, na vocha yako mkononi.

Sasa unakuja mpango wa serikali kuu, 2027, ukichangia mfuko wa kusomesha hadi dola 1,700 unapunguziwa kodi kiasi hichohicho, ila jimbo lazima likubali kujiunga kwanza. Nasubiri nione wanasiasa wa Kentucky watajieleza vipi kwa wapiga kura wao.